Mwaka Hupokewa au Hukogwa? Matumaini na Upya katika Lugha na Desturi za Unguja





Awali ya yote, napenda kuwashukuru walionialika kutoa mhadhara huu hapa Mji Mkongwe, katika siku hizi za mwanzo wa Januari. Ni heshima kubwa kwa mtu aliyezaliwa katika vichochoro hivi kurudi akiwa na mvi, akaruhusiwa kusema saa nzima bila ya kukatizwa na wakubwa zake.

1. Utangulizi

Tangu tarehe mosi nimepokea salamu nyingi za mwaka mpya, na bila shaka nanyi mmezipokea. Nikiwa mwanaisimu sikuweza kuzisoma bila ya kuzichambua. Karibu zote zina muundo mmoja: mwaka umeingia, mwaka umeanza, mwaka utuletee kheri, mwaka uwe wa mafanikio. Katika tungo hizi zote mwaka ndio kiima. Mwaka ndio mtendaji: huja kwa miguu yake, hubeba mzigo, nasi tumesimama mlangoni tukingoja kuona umetuletea nini. Februari ikifika, tukiona haukuleta kitu, huulaumu.

Lugha hiyo hiyo, hata hivyo, ina usemi mwingine kuhusu mwanzo wa mwaka, usemi wa kale zaidi, ambao haumweki mwaka mahali pa mtendaji. Kila Julai watu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa hiki, husherehekea Mwaka Kogwa. Neno kogwa liko katika kauli ya kutendwa. Hapa mwaka hautendi, bali hutendwa. Watendaji ni watu.

Mada yangu leo ni tofauti hiyo. Nitadai kwamba ndani ya kitenzi hicho kimoja mna fikra timilifu kuhusu matumaini, na kwamba fikra hiyo inatufaa zaidi kuliko salamu zetu za Januari.

2. Miaka ya Unguja na hesabu ya miongo

Mtu wa Unguja huishi katika miaka kadhaa kwa wakati mmoja. Upo mwaka wa Kiislamu, unaofuata mwezi, unaoanza kwa Muharram na wenye siku 354 au 355. Upo mwaka wa kiserikali unaoanza Januari. Na katika mwezi huo huo, tarehe 12, tunaadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964. Upo pia mwaka wa tatu, mwaka wa jua wa Waswahili, ambao siku yake ya kwanza huitwa Siku ya Mwaka au Nairuzi.

Neno Nairuzi asili yake ni Kiajemi, nalo maana yake ni siku mpya. Lakini kalenda yenyewe haikuwa ya Waajemi pekee. Ilikuwa ya Bahari ya Hindi nzima. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi mashuhuri wa karne ya 15, alitaja nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi. Sababu iko wazi: pepo za kaskazi na kusi hufuata jua na hazifuati mwezi. Nahodha na mkulima wote wawili walihitaji mwaka usiohama misimu.

Mwaka huo una siku 365 kamili, bila ya siku ya ziada kila mwaka wa nne. Kwa hiyo hurudi nyuma kwa takriban siku moja kila miaka minne ukilinganishwa na kalenda ya kiserikali. Katika miaka ya 1860, Edward Steere alipokuwa akikusanya maneno hapa Unguja, Siku ya Mwaka iliangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi tunaiona Julai. Ndugu zetu Waparsi, ambao waliwahi kuwa na hekalu lao hapa Unguja, nao wana mwaka wa siku 365; mkesha wa mwaka mpya wao huitwa Pateti, nayo ni siku ya kutubu makosa. Naomba tuliweke akilini jambo hilo la toba, kwani tutalirudia.

Siku za mwaka wa Waswahili zilihesabiwa kwa mafungu ya kumi kumi. Kila fungu liliitwa mwongo au muongo. Miongo 36 ni siku 360, na zinabaki siku tano za kukamilisha mwaka. Wengi wenu hamlijui neno hili isipokuwa kwa maana ya miaka kumi. Maana hiyo tumeizoea kwa sababu ya magazeti na ripoti za maendeleo. Wazee wetu walipanda na kusafiri kwa miongo ya siku kumi.

Historia ya neno hili inapendeza. Katika Kikuyu na Kinyarwanda, mirongo ni makumi, na hutumika, kwa mfano, kuhesabia thelathini. Kiswahili kilidondosha sauti hiyo ya kati, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo jamaa zetu wengi huitamka njala. Kisha tulipochukua ishirini, thelathini na arubaini kutoka Kiarabu, hesabu yetu ya zamani ya makumi ilikosa pa kukaa. Ikajificha katika kalenda. Kwa hiyo jina la siku ya kwanza ya mwaka huu ni la Kiajemi, mafungu yake ni ya Kibantu, na wanaousherehekea ni Waislamu. Anayetafuta utamaduni wa Mswahili ulio safi usiochanganyika atafute kwingine.

3. Neno kogwa

Sasa tuje kwenye kitenzi chenyewe. Kiswahili sanifu kina oga. Unguja tunasema koga: amekoga, ashakoga, hajakoga. Naelekea kuamini kwamba k hiyo ni mabaki ya kiambishi ku- cha kitenzi-jina, ambacho kilimezwa na mzizi: ku-oga ikawa koga, kisha tukasahau na kuongeza ku- nyingine, ikawa kukoga. Jambo hilo hilo limetokea katika kukosha vyombo, ambako Kiswahili sanifu husema kuosha. Kogwa, basi, ni koga katika kauli ya kutendwa.

Swali la kisarufi ni hili: je, koga huchukua yambwa ya namna gani? Tukilijibu swali hili tutajua mwaka unafanywa nini.

Kwanza, koga haichukui yambwa ya kitu kinachosafishwa. Hatusemi kumkoga mtoto, bali kumkosha au kumwogesha. Koga ni tendo la mtu juu ya mwili wake mwenyewe. Kwa hiyo tafsiri inayopendwa na wenye kuwaeleza wageni, kwamba mwaka unaoshwa kama chombo au kama mtoto mchanga, haikubaliki katika sarufi yetu.

Pili, koga huweza kuchukua yambwa ya kile anachojimwagia mtu: koga maji ya moto, koga maji ya bahari.

Tatu, na hili ndilo muhimu, koga huchukua yambwa ya kile kinachoondolewa kwa kuoga. Kila mwanafunzi wa chuoni amefundishwa koga janaba. Wanawake wamefundishwa koga hedhi na koga nifasi. Janaba si maji, wala si mwili. Ni hali iliyompata mtu, ambayo haimwachi mpaka aikoge. Si lazima iwe dhambi. Aghalabu inatokana na mambo ya halali kabisa ya maisha. Lakini ikiwepo, mtu hawezi kusimama kuswali.

Koga mwaka ni muundo wa aina hii ya tatu. Mwaka unaokogwa si huu unaokuja, ni ule unaokwisha. Mwaka uliopita umetuacha katika hali fulani, hata kama tumeuishi kwa wema: yamebaki maneno yaliyosemwa, madeni, husuda, misiba. Hali hiyo haiondoki yenyewe kwa kupinduliwa ukurasa wa kalenda. Inabidi ikogwe, na kama janaba, kila mtu hukoga yake. Hakuna anayeweza kumkogea mwenziwe.

Lakini maana ya pili nayo haijafutika, na sidhani kuwa imebaki kwa bahati mbaya. Mwaka ni taka na ni maji pia. Yale yale yaliyotupata ndiyo tunayojimwagia tukajitakasa nayo. Anayekataa kuyagusa ya mwaka jana hana cha kukogea.

4. Yatendwayo Makunduchi

Mama yangu ni mtu wa Kusini Unguja, na utotoni tulipelekwa huko kila Mwaka. Nitaeleza kwa ufupi, kwani wengi wenu mmeona.

Wanaume wa pande mbili za mji hukutana uwanjani na kupigana. Zamani walipigana kwa fimbo. Siku hizi hutumia vigogo vya migomba, vinavyouma kidogo na kuchekesha sana. Lengo ni kutoa vinyongo. Neno hilo nalo lichunguzeni: kinyongo ni nyongo ndogo. Mwenye kinyongo ana uchungu uliojificha ndani ya mwili, na hautoki kwa mawaidha. Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870, aliandika kwamba Siku ya Mwaka watu walikuwa wakioga baharini, na kwamba zamani ugomvi wa siku nyingi ulikuwa ukimalizwa siku hiyo kwa mapigano. Kwa hiyo yanayofanyika uwanjani leo hayakubuniwa kwa ajili ya kamera za watalii. Kilichofanywa na jamii ni kulainisha silaha na kuibakisha maana.

Wanawake, waliovaa nguo zao bora, huzunguka wakiimba nyimbo za kejeli na mafumbo. Yasiyosemeka mwaka mzima husemwa kwa ulimi siku hiyo, bila ya anayesema kushtakiwa.

Kisha hujengwa kibanda cha makuti kikatiwa moto. Mzee huingia ndani na kutoka, na watu hutazama moshi unaelekea wapi, ili wajue mwaka utakuwaje. Hapa nina uchunguzi mdogo wa kilugha. Katika Kishona, mzizi tsva ni kuungua, na mzizi wa aina hiyo hiyo ni kivumishi chenye maana ya -pya. Katika Kizulu, sha ni kuungua, na -sha ni -pya. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa asili moja, nami nawaonya wanafunzi wangu kila muhula. Hata hivyo mkulima aliyechoma shamba lake kabla ya mvua hatashangaa kusikia kwamba maneno hayo mawili hukaa karibu.

Mwisho ni chakula. Kila nyumba inapaswa kuwa na mgeni. Kuukaribisha mwaka bila ya mgeni ni mkosi. Tazameni mpangilio: ugomvi, maneno, moto, kisha sinia. Anayetaka kuanzia kwenye sinia amekosea njia.

5. Tumaini na tamaa

Baada ya kutazama matendo, tutazame msamiati. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana: tumaini na tamaa. Tamaa inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutaka kwa uroho. Kwetu limepanuka: mwenye tamaa ni mroho, lakini aliyekata tamaa amepoteza matumaini. Yaani lugha inakiri kwamba bila ya kutaka, mtu hufa akiwa hai. Na kwamba kutaka kukipita mpaka huwa maradhi.

Tumaini, kwa sura na kwa maana, naelekea kulihusisha na neno la Kiarabu tuma'nina, yaani utulivu wa moyo. Ikiwa ndivyo, tumaini si kutazama mbele kwa hamu. Ni kutulia kwa mtu ambaye ndani yake hakuna kinachochemka. Tamaa hutazama kisichokuwepo. Tumaini hukaa mahali palipokwisha kusafishwa.

Sasa tunaweza kuzirudia salamu zetu za Januari. Nyingi kati yake ni tamaa iliyovaa nguo ya tumaini: gari, cheo, safari, nyumba. Sizilaumu, nami nimetuma hizo hizo. Ila haziombi utulivu, wala hazina habari na ya mwaka jana.

6. Ya kwetu

Mabibi na mabwana, nisingetosheka kuzungumza habari ya vinyongo katika mji huu bila ya kugusa vyetu.

Tangu kurejea kwa vyama vingi mwaka 1992, kila uchaguzi wetu umeacha majeraha. Vijana waliopo hapa hawakumbuki wakati ambapo watu wa mtaa mmoja waliacha kuzikana, na ndugu waliacha kununua katika duka la ndugu. Januari 2001 damu ilimwagika Unguja na Pemba. Tulipata Muafaka mwaka 1999, na mwingine Oktoba 2001. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, nasi tukaanza kutumia neno jingine: maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Kimofolojia maneno hayo mawili hayafanani. Muafaka ni nomino iliyokopwa ikiwa imekamilika. Ni makubaliano, na yanaweza kuandikwa na wachache yakafungiwa kabatini. Maridhiano yamejengwa kwa kitenzi ridhi na kiambishi -an- cha kutendana. Hayawezi kufanywa na upande mmoja, wala kufanywa kwa niaba ya mtu. Kama koga.

Nina ndugu yangu mkubwa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2000 tulitupiana maneno msibani, mbele ya watu, na hatukusemezana tena. Watoto wetu walikua bila ya kujuana. Mimi niliandika makala za lahaja, nikahudhuria makongamano, nikawafundisha watu namna Waswahili wanavyomaliza ugomvi wao. Muongo mmoja ulipita. Muongo wa magazeti, si wa wakulima.

Julai 2010 nilikwenda kwa watu wa mama kwa ajili ya Mwaka. Sikujua kama atakuwepo. Sikupigana; umri ulikuwa umenizuia. Jioni niliketi barazani katika nyumba ya shangazi, nikamwona anakuja na sinia. Hakusema habari ya msiba wala ya siasa. Aliniuliza neno moja: “Ushakula?”

Nilijibu: “Bado.” Tukala.

Nimelichambua neno lile mara nyingi tangu siku ile. Mofimu -sha- inatokana na kitenzi kwisha. Ndani ya swali la chakula mlikuwa na jambo lililokwisha. Sidhani kwamba alikusudia hivyo. Yeye ni mvuvi. Lakini lugha ilikusudia kwa niaba yake, na mimi nilisikia.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikwisha siku ile. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016, na Serikali ya Umoja ikasimama. Haikurudi mpaka Desemba 2020. Mimi na ndugu yangu nasi tumewahi kukosana tena, na kukaa chini tena. Zamani jambo hili lingenivunja moyo. Sasa naliona limo ndani ya kitenzi. Hakuna anayekoga janaba mara moja katika umri wake akasema basi. Kukoga ni tendo la kurudiwa, wala hakuna anayesema kwamba maji ya jana hayakufaa kwa sababu leo amechafuka tena.

7. Hitimisho

Hoja yangu, kwa ufupi, ni kwamba lugha yetu inatupa namna mbili za kuanza mwaka. Katika ya kwanza mwaka ni kiima, nasi ni wenye kungoja. Katika ya pili mwaka ni kitu tunachokikoga, kila mtu wake na wote siku moja. Upya wa kweli hauji na tarehe. Ni kile kinachobaki pale ambapo ya zamani yametajwa, yamepiganiwa kwa silaha laini, yamechomwa, na mgeni amelishwa.

Kwa wanafunzi nina ombi. Mwaka Kogwa sasa unajulikana duniani, na mabasi ya watalii hupaki pembeni mwa uwanja. Sina chuki na wageni. Desturi yenyewe inadai wageni. Ninachokiogopa ni sherehe kubaki na maneno yake kupotea: majina ya miongo, nyimbo za wanawake, na lahaja ya Kimakunduchi ambayo ndiyo inayozibeba. Mwaka huu nendeni mkakae na bibi zenu, si kwa muda wa picha, bali kwa muda wa mwongo mmoja. Ule wa siku kumi. Mkirudi, chuo hiki kitakuwa na kitu kipya cha kusoma.

Na kwa sote: ni Januari, na bado kuna miezi sita mpaka Siku ya Mwaka. Lakini bahari iko hapo Forodhani, hatua chache kutoka tulipokaa, wala haifuati kalenda. Mwenye ndugu ambaye hajasemezana naye, asimtumie salamu za mwaka mpya. Ende akamuulize kama ameshakula.